Siri ya Buhaya kwa Nywele Kavu

Jumatano, 20 Novemba 2024

Ndizi mbivu imefeli. Naandika kwa herufi nzito nisije nikajidanganya baadaye.

Annastella wa kwaya ya Walutheri alikuja jana, nywele kavu kama makapi ya kahawa. Nikaponda ndizi, nikatia asali na yai, nikampaka. Niliona mtandaoni: dada mmoja anajipaka, kisha anatikisa kichwa, nywele zinamwagika kama maji. Sehemu ya kusuuza hawakuionyesha. Sasa najua kwa nini. Ndizi haitoki! Nimesuuza mpaka maji ya bomba yamekatika. Leo karudi na inzi wake. Anasema mwalimu wa kwaya amemwomba ahamie mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Nikamwambia hivyo ni virutubisho, bado vinafanya kazi. Hakucheka.

Edvina alikuwa mlangoni kwake ng'ambo ya njia, anasikiliza kila neno. Akaniuliza kama saluni yangu sasa inauza matunda au inatengeneza togwa. Huyu Edvina alisomea urembo Dar miezi mitatu. Tangu arudi haongei, anatangaza. Mafuta yake eti yametoka Moroko. Mwenyewe safari ya Dar alitapika kuanzia Biharamulo.

Mimi sikusomea popote. Nilianza na kiti cha plastiki na kitana kimoja, migombani kwa mama. Leo nina viti vitatu, kioo, mashine ya kukaushia nywele na wateja kumi na moja wa kudumu. Kumi, ukimtoa Annastella.

Sasa habari yenyewe. Mzee Ishengoma wa Kamachumu, mwenye jengo letu hapa Bilele, Bukoba mjini, anamwoza mwanawe Avit. Bibi harusi ni Celina, binti wa hapa hapa mtaani. Ndoa ni Jumamosi ya tarehe 30, wanaiwahi Majilio. Na mwuza simu wa fremu ya kona anahama. Mzee ametuma neno: atakayemng'arisha mkwe wake ndiye atakayepewa kona.

Kona! Madirisha pande mbili, njia ya kwenda sokoni. Nimesimama pale saa nzima nikihesabu. Wanawake mia na thelathini wamepita. Kwangu huku uchochoroni wamepita tisa, wawili walikuwa wamepotea.

Celina kasema atajaribu kwangu na kwa Edvina, halafu ataamua. Haki kabisa. Nachukia haki.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwenda Muleba kwa rafiki yangu Mariamu, kupumzisha kichwa. Nimerudi na utajiri ndani ya ndoo.

Mariamu anatega senene, wale panzi wetu wa kuliwa: mabati yamesimamishwa, taa kali, mapipa chini. Msimu huu senene wamegoma. Kagera nzima watu wanaangalia juu kama wanangojea ndege ya rais. Yeye kapata nusu ndoo, na kaificha chini ya kitanda.

Akakaanga kiganja kimoja tuonje. Nikasaidia kunyonyoa mabawa na miguu, nikasaidia kugeuza. Senene hahitaji mafuta ya mtu, anatoa yake mwenyewe mpaka sufuria inaogelea. Nikanawa mikono. Naangalia: laini! Inang'aa! Vidole vyangu vya miaka ishirini ya dawa za nywele vimekuwa vya mtoto mchanga.

Moroko wana nini?

Nikamwomba Mariamu aniuzie wote. Akaona kama ni kumwibia mume, bora amwibie wake mwenyewe. Akaniuzia, lakini akanishika mkono: shoga, funika vizuri, hawa hata baba watoto hajawaona. Ananikumbusha mambo ninayoyajua. Senene wa kwanza wa msimu ni wa mume, na kama baba mkwe yu hai, wanaanza kwake. Mwanamke atakayetangulia kuonja atasemwa hadi siku ya kuzikwa. Nikamwambia mimi sina wa kumtangulia. Mume wangu tuliachana kwa amani. Amani alichukua yeye.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekamua. Moto mdogo, subira, kitambaa safi. Nusu ndoo imetoa chupa tano ndogo. Mafuta ya dhahabu, unajiona ndani. Senene waliobaki ni wakavu, nimewatia kwenye kopo. Mimi si mtu wa kutupa chakula.

Tatizo dogo: harufu.

Nilifunga dirisha. Haikusaidia. Jirani yangu Kokushubila akabisha, ati amekuja kuomba chumvi, huku pua iko sufuriani kabla ya miguu kuvuka kizingiti. Nikasema ni harufu kutoka nyumba ya nyuma. Akasema nyumba ya nyuma hawana paa. Mpaka jioni wamekuja watu tisa kunijulia hali. Wengine hatujasalimiana tangu uchaguzi wa mtaa! Wote wamenikuta mzima, wote wameondoka wamenuna.

Jina nimeshapata. Siri ya Buhaya. Nitabandika karatasi: "Mimea ya asili kwa nywele kavu na ngozi iliyokata tamaa." Uongo? Hapana. Senene anakula majani. Kwa hiyo haya ni mafuta ya majani, yamepitia mahali tu.

Jumapili, 24 Novemba

Jaribio la kwanza, kichwani kwangu, misa ya pili.

Ushindi! Nilikaa benchi la nne peke yangu. Kufika mahubiri benchi limejaa. Watu wanasogea. Baba mmoja nyuma yangu aliinama kusali, akabaki ameinama mpaka Sala ya Waumini, uso uko kwenye kisogo changu, anavuta pumzi kama mgonjwa aliyewekewa mashine. Wakati wa kutakiana amani nimepewa mikono ishirini na mbili. Wastani wangu ni sita.

Nywele zikipendeza watu hawajizuii. Baba yule alinifuata hadi getini, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Waitu, umewapata wapi?" Nilidhani anaulizia wateja. Nikamwambia ni Mungu tu. Akaondoka anatikisa kichwa.

Njiani ndipo nikafikiri tena. Umewapata wapi. Wa-.

Sawa. Harufu ipunguzwe.

Jumanne, 26 Novemba

Jana nimerudisha mafuta jikoni. Marashi ya waridi, chupa nzima. Mchaichai. Na wale senene wa kwenye kopo nikawarudisha humo humo, wakatoa matone ya mwisho. Kupoa, nikamwita Kokushubila anuse. Kanusa. Akasema bibi yake alinukia hivyo, kwenye jeneza. Kuhusu senene hakusema lolote. Nimefaulu!

Leo Celina kajaribu. Asubuhi kwa Edvina: Moroko. Akatoka nywele zimelala kama zimepata habari mbaya. Mchana kwangu. Nikampaka Siri ya Buhaya kichwani, nikampaka mashavuni, nikampaka mikononi. Akajitazama kiooni, akajigusa shavu. Kisha akasema, "Anti, huyu ni mimi?" Macho yakamjaa. Kwa kweli alipendeza mtoto wa watu. Hata mimi niliguswa, nikatazama pembeni, nikaiona kona kupitia mlangoni, nikaguswa zaidi.

Amenichagua mimi.

Edvina akaja kunipongeza, maana adui hawezi kukaa kwake akaungua kimya. Akainua chupa kwenye mwanga. Akauliza ni mimea gani. Nikasema ya asili. Akanusa chini ya kifuniko, muda mrefu. "Dada yangu," akasema, "mimea yako zamani ilikuwa inaruka?"

Nikamwonyesha mlango. Anaujua, lakini nilimwonyesha.

Alhamisi, 28 Novemba

Sherehe ya kumuaga Celina. Mvua, baridi, ukumbi unavuja. Nilimpaka kidogo tu. Harufu hakuna! Nimemzunguka mara kumi nikijifanya narekebisha shela. Waridi tupu.

Hesabu: ukumbini wanawake themanini. Waliouliza nani kamtengeneza, thelathini na moja. Waliouliza nani kamtengeneza Edvina, hakuna.

Nimepima mapazia ya fremu ya kona. Kijani.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Asubuhi jua kali. Nikampaka Celina bila ubahili, leo ndiyo leo. Nikampitishia pasi ya nywele, moto wa mwisho. Nikaona moshi kidogo. Nikapuuza. Kanisani salama, padre yuko mbali. Halafu gari hadi Kamachumu, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie kwenye gauni. Mimi nimekaa na bibi harusi, kopo la senene mapajani. Lilikuwa chakula changu cha mchana. Kwenye harusi za watu wenye majengo fundi wa nywele hula mwisho. Kufika Kamachumu nikahisi ndani ya gari kuna kitu kinaamka. Waridi limechoka. Senene wamefufuka.

Nikajiambia: hewa wazi itasaidia.

Hewa wazi! Nilisahau kupakatwa. Mhaya mzima, mzaliwa wa Muleba, nimesahau kupakatwa! Bibi harusi akifika kwa wakwe haketi kwenye kiti. Anaketishwa mapajani mwa baba mkwe, halafu mama mkwe, ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Mzee Ishengoma amefanya kazi ya kuonja kahawa kwenye ushirika maisha yake yote. Macho yamechoka, magoti yamechoka. Pua, wanasema, haijachoka hata siku moja. Na kichwa cha Celina kikatua sawasawa chini yake.

Niliona pua inatanuka.

Mshereheshaji akadhani ni furaha, akaomba makofi. Mzee akainua mkono, muziki ukakatwa. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake, kwamba mwaka huu hajaonja senene hata mmoja. Kwamba amengoja. Kwamba amesema pengine Mungu ana sababu. "Na sasa mwanangu ananiletea mke ambaye tayari amekula!"

Turubai zima: mh!

Celina akaapa. Waitu tata, baba yangu, sijala. Shangazi wawili wa Avit wakaja kumnusa mdomo. Mdomo safi. Wakanusa mikono: hii hapa! Wakanusa mashavu: hii hapa! Wakafika kichwani, wakatazamana. Mmoja akasema amewaficha kwenye nywele. Wakaanza kufumua shela, pini kwa pini, kazi yangu ya saa tatu! Upande wa bibi harusi wakasimama. Baba yake Celina akasema kama binti yake ni mwizi basi wamrudishie, gari bado lina mafuta. Avit anazunguka katikati kama mtu anayetafuta choo. Celina analia, na kila chozi lilipopita lilipasha moto shavu, na shavu likanukia zaidi.

Ndipo Edvina, aliyealikwa na nani sijui, akasema kwa upole wa sista wa hospitali: si tumuulize aliyemtengeneza nywele?

Vichwa mia tatu vikanigeukia.

Nikapiga hesabu haraka. Nikisema ni mafuta: nimemtia chakula cha mkwe kichwani, mbele ya mkwe. Kona kwaheri, na hata uchochoro kwaheri. Nikinyamaza: mtoto wa watu anarudi Bilele na gari lile lile, kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilimtazama. Naye alinitazama, pini zinaning'inia. Hakusema "ni Anti." Angeweza, tangu mwanzo alijua mafuta yale kapakwa na nani. Hakusema.

Hapo nilichukia kuwa na moyo. Ni gharama isiyo na faida.

Nikakimbia garini. Nikarudi na kopo juu ya kichwa, napiga vigelegele peke yangu kama kichaa. Nikapiga magoti. Nikasema kwa sauti kuu: bibi harusi ndiye aliyewatafuta, Muleba yote, katika mwaka huu wa njaa ya senene! Kwa ajili ya mkwe wake! Amesafiri nao mapajani, ndiyo maana wamemwingia mpaka kwenye nywele. Hajaonja hata bawa. Alitaka kushtukiza. Nyinyi mmemharibia!

Shangazi wakaanza kurudisha pini.

Mzee akafungua kopo. Akatazama. Akachukua mmoja, akatafuna. Akatafuna. Watu mia tatu wanamwangalia taya. Mimi nikakumbuka: marashi. Chupa nzima. Mchaichai, na kukamuliwa mara mbili. Mzee alikuwa anatafuna pazia la sakristia.

Akameza. Akafumba macho.

Akasema hajawahi kula senene wa namna hii. Hawana mafuta, hawamchafui mtu kidole, na wanaacha mdomo unanukia kama Pasaka. Akauliza kwa nini walimficha ujuzi huu uzee wote. Akamvuta Celina akambusu utosini, akanusa tena, akacheka. Hakumpa mama mkwe hata mmoja. Vigelegele mpaka turubai likapepea.

Edvina alikuwa anapiga makofi ya polepole, ananitazama mimi tu.

Jumapili, 1 Desemba

Nimelala kama jiwe. Kona ni yangu. Nani mwingine? Bibi harusi aling'aa, mzee kafurahi, ndoa imesimama kwa miguu yangu. Nimeagiza mapazia.

Mchana ujumbe kutoka Kamachumu. Mzee amemaliza kopo kabla ya misa. Ameshatoa uamuzi kuhusu fremu ya kona, atamtuma Celina mwenyewe anieleze. Mwenyewe! Heshima iliyoje. Nimemwomba Kokushubila aniazime vikombe vya wageni.

Jumanne, 3 Desemba

Celina kaja, kanga mpya, uso umetulia. Mzee kampa kona yeye.

Celina! Auze senene! Eti mkono wake una baraka, eti Bukoba nzima haina mtu wa kukaanga senene wa waridi.

Nilimwaga chai.

Akanishika mikono yote miwili. Akasema anajua nani aliyemwokoa, na hawezi kukaanga hata yai. Akaniomba tushirikiane: kona nusu kwa nusu, yeye na mkwe wanaleta mtaji, Mariamu analeta senene msimu ukifunguka, mimi naleta mikono. Ana oda arobaini tayari. Ushirika wa akina mama wa parokia umeuliza. Jamaa wa hoteli ufukweni ameuliza. Hata padre ameuliza, kwa njia yake. "Anti," akasema, "kila mtu anataka wale wale wa kwenye kopo."

Edvina akaingia bila kubisha, kasikia yote ng'ambo ya njia. Safari hii hakunidhihaki. Akakaa. Akasema, "Dada yangu, mimi na wewe tumegombania vichwa vikavu miaka sita. Huyu mtoto anakupa hela iliyo wazi. Kubali." Akasema angekuwa yeye, asingemaliza hata kunywa chai.

Basi! Ningekubali, pengine. Nilishafika kwenye "sawa" mdomoni. Lakini Edvina akinishauri kitu, kitu hicho kina kasoro. Nikasimama. Nikawaambia wote wawili kwamba mimi ni mtaalamu wa nywele. Sikuinuka kutoka kiti cha plastiki ili nikasimame juu ya karai nageuza wadudu. Wale wa kwenye kopo ni makapi, nikasema. Makapi! Siri ya Buhaya ni mafuta!

Celina aliondoka taratibu. Kasema mlango wa kona uko wazi wiki hii, nifikirie. Edvina akabaki dakika moja zaidi, akaniuliza kama anaweza kuchukua nafasi yangu. Nikamwambia achukue, na inzi wa ndizi awachukue. Sasa hivi nawaona wote wawili pale kona wanapima meza.

Wapime. Mimi nimeshakaa chini na kalamu.

Kosa lilikuwa mnyama. Senene ni mdogo mno. Nusu ndoo, chupa tano: nani anatajirika hivyo? Ninahitaji kiumbe mwenye mafuta kwa uzito. Nimeuliza, nimejibiwa: sangara wa kisiwa cha Goziba. Wavuvi kule kambini wanatupa vipande vya mafuta vikubwa kama mto wa kulalia. Wanatupa! Samaki mmoja chupa thelathini. Boti linaondoka Ijumaa, nimeshalipa nauli. Mteja wa kwanza yuko tayari, mke wa mwenyekiti wa mtaa, nywele kavu, ana ubatizo wa mjukuu Noeli, na ngozi pia inamsumbua. Nimemwambia ni mimea ya majini.

Kokushubila ameuliza kuhusu harufu. Mwanamke huyu hana maono. Tunaishi kando ya Ziwa. Harufu ya samaki, Bukoba hii, nani ataigundua?